Mazda ya dizeli yenye mgandamizo wa 14 inawakaje, na je, EGR yake izibwe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma ufundi wa magari Morogoro, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba dizeli huwaka palepale injekta inapoinyunyiza, ndiyo maana hewa lazima ibanwe sana. Wiki hii gereji tunakofanyia mazoezi imeingia Mazda CX-5 ya dizeli, lita 2.2. Nimesoma kwamba mgandamizo wake ni 14 kwa 1 tu, yaani hewa inabanwa hadi sehemu moja ya 14 ya ujazo wake. Inawakaje? Halafu fundi mkuu anataka tuzibe EGR, ule mfumo unaorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini, kama tulivyozoea. Ni sawa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Ulichofundishwa ni kweli kwa injini nyingi utakazozishika, na uchafu wa dizeli unaanzia hapohapo. Mafuta yanashika moto wakati nozeli bado inatema. Katikati ya mnyunyizo mafuta ni mengi na hewa haifiki, basi hapo yanazaliwa masizi. Pembeni, mafuta na hewa vinapotoshana, joto linapita nyuzi 1,900 na nitrojeni ya hewani inaungana na oksijeni kuwa gesi ya sumu. Ukipunguza masizi, gesi ile inapanda. Ukiibana gesi, moshi mweusi unarudi. Wahandisi wamehangaika na mvutano huo miaka mingi.

Njia ya kuuvunja ni kuyapa mafuta muda: nozeli imalize kutema, mafuta yachanganyike na hewa, ndipo yawake. Muda wenyewe ni kiduchu. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, inapita nyuzi 10 kwa muda usiofika elfu moja ya sekunde. Huo ndio unaopiganiwa.

Ukibana hewa kidogo, haiwi moto sana, na mafuta yanachelewa kuwaka. Hiyo ndiyo kazi ya ile 14 uliyoishangaa. Ukirudisha ndani moshi uliopozwa kupitia EGR, oksijeni inapungua, mafuta yanazidi kuchelewa, na yakiwaka mwali hauwi mkali. Nissan walipita njia hii mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kunyunyiza kwa kuchelewa, moshi mwingi ukirudishwa na hewa ikizungushwa kwa nguvu ndani ya silinda. Mazda walipoitoa CX-5 mwaka 2012, injini yao ilitimiza Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, bila kifaa cha kusafisha gesi za nitrojeni kwenye ekzosi. Mimi naiona kazi kubwa sana ile.

Asubuhi ya baridi je? Injini ikishawaka, valvu za ekzosi hufunguka kidogo wakati silinda inavuta hewa, moshi wa moto ukarudi kuipasha. Kuwasha kwenyewe kunategemea plagi za kupasha, kwa hiyo zikichoka, injini hii italalamika mapema kuliko dizeli za zamani.

Usidhani inawaka hivyo muda wote. Gari likipanda mlima Kitonga na mzigo, mafuta ni mengi. Yote yakichanganyika kisha yakalipuka kwa mkupuo, utasikia injini inagonga kama nyundo. Hapo kompyuta hurudi kwenye uwakaji wa kawaida. Kwenye mzigo mdogo nako, moto uliopoa huacha mafuta ambayo hayakuungua na kaboni monoksaidi, ndiyo maana katalisti, kifaa cha ekzosi kinachounguza mabaki hayo, haikwepeki.

Na kwa nini wasinyunyize mapema sana, muda uwe mwingi? Dizeli si petroli, haigeuki mvuke upesi. Ukiitema pistoni ikiwa bado chini, inagonga ukuta wa silinda, inaosha utando wa oili, inachuruzika hadi kwenye sampu ya oili chini ya injini. Kwenye gari hilo chomoa kijiti cha oili uangalie alama ya X juu ya F, ile ya kujaa. Oili ikifika hapo imeingiwa na dizeli, hasa ile inayotemwa kuchoma masizi ya kichujio cha ekzosi. Imwage, uweke mpya.

Sasa EGR. Msiizibe. Kwenye injini hii ni sehemu ya uwakaji wenyewe: ukiiziba, oksijeni inazidi, mafuta yanawaka kabla hayajachanganyika vizuri, na gesi za nitrojeni zinapanda, hata kama machoni moshi utaonekana umepungua. Mwombe fundi mkuu kwa heshima mfungue valvu pamoja na manifoldi ya hewa, mkwangue masizi kwa kijiti cha mbao, msafishe, kisha mfunge kwa gasketi mpya. Ni kazi ya siku nzima. Mpange na mteja mapema.