Mwanafunzi Aione Kazi Kabla ya Kujaza Selform

Nimefundisha Hisabati katika sekondari mkoani Mbeya kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia mwalimu wa ushauri na unasihi, kwa hiyo wanafunzi wa kidato cha nne wanapofika wakati wa kujaza selform, yaani fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano au chuo, mimi ndiye ninayekaa nao kujadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo matatu ya kidato cha tano na sita, na vyuo wanavyoviandika. Ukiwauliza wanataka kuwa nani, majibu hujirudia kila mwaka: daktari, mhandisi, mwanasheria, rubani, mwanajeshi. Siwalaumu hata kidogo. Mtoto huchagua miongoni mwa vitu alivyoviona, na kwa wengi wao mtu pekee mwenye taaluma waliyemwona akifanya kazi yake tangu asubuhi hadi jioni ni mwalimu, kazi ambayo karibu hakuna anayeiandika.

Kwa muda mrefu nami niliwashauri kwa kutazama alama tu. Kijana mmoja alikuwa akipata A za Biolojia na Kemia mfululizo, nikamwambia aende PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) bila kumuuliza jambo lingine lolote. Alifaulu, akapata nafasi ya kusomea udaktari, na alipofika mwaka wa tatu na kuanza kushinda wodini, akaacha masomo. Alikuja nyumbani kwangu akanieleza kwa utulivu kwamba katika miaka yote sita ya sekondari hakuwahi kuingia wodini isipokuwa mara moja, alipompelekea bibi yake uji. Maneno yale yaliniuma, kwa sababu hospitali ya rufaa ipo hapahapa mjini na hakuna aliyewahi kumpeleka akaone. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akinitajia kazi anayoitaka, swali langu la kwanza ni kama amewahi kuiona siku nzima ya mtu anayeifanya.

Ninachofanya sasa ni kumtafutia kila mwanafunzi aliye tayari siku moja ya likizo ya Juni akae na mfanyakazi mmoja. Mwaka mmoja nilimpeleka kijana wa kidato cha tatu, mwepesi sana wa hesabu, kwa mpima ardhi aliyekuwa akipima viwanja upande wa Uyole. Baridi ya Juni huko mnaifahamu. Kijana alikabidhiwa fimbo yenye kioo cha kuakisi, akawa anaisimamisha juu ya kila pembe ya kiwanja huku mpima akimlenga kwa chombo kilichosimama juu ya miguu mitatu. Saa nne wakakuta bikoni moja, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, imeng'olewa, majirani wawili wakaanza kugombania mpaka, na mpima akatumia karibu saa nzima kuwasikiliza wazee wale kabla ya kugusa chombo chake tena. Jioni walipokokotoa vipimo, mzunguko haukufunga, yaani mahali walipoanzia na mahali walipomalizia hapakukutana kwa kiwango kinachoruhusiwa, na ikabidi wapange kurudia sehemu ya kazi ile kesho yake. Kijana aliomba arudi nao.

Alipokuja kunisimulia, aliniambia, "Shikamoo mwalimu. Kumbe zile trigonometria za darasani ndizo zinazogawa viwanja vya watu." Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa maneno yaliyofuata, kwamba hesabu alizipenda, lakini ugomvi wa wazee ulimchosha, na alikuwa akijiuliza kama angeweza kuuvumilia kila wiki. Huyo tayari alikuwa anafikiri kama mtu mzima. Upimaji kwa mnyororo alikuwa ameusoma katika Jiografia, lakini kitabu hakikumwonyesha kwamba nusu ya kazi ile ni watu. Alichagua PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) kwa kujua anachokwenda kukutana nacho.

Binti mwingine alikwenda Rungwe katika ghala la kufungashia parachichi. Alidhani angekuta watu wanapanga matunda kwenye maboksi, akakuta mama mmoja amevaa koti jeupe, anakata tunda, anapima nyama yake kwenye mizani, anaikausha kisha anaipima tena, kwa sababu uwiano wa uzito mkavu ndio unaoonyesha kama matunda ya shamba lile yamekomaa kiasi cha kuchumwa. Nyumbani kwao wana miparachichi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kupima hivyo. Kemia, ambayo alikuwa akitaka kuiacha, aliirudia.

Ukanda wetu una kazi nyingi za namna hiyo ambazo watoto wanazipita barabarani bila kuzijua majina. Kuna misitu ya Sao Hill na mashamba ya chai Mufindi, watafiti wa mbegu katika kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, mafundi wa reli ya TAZARA, na mawakala wa forodha wanaopitisha malori pale Tunduma.

Kwa walimu na wazazi wanaotaka kujaribu, ushauri wangu ni kuomba siku moja tu. Ukiomba wiki mbili, msimamizi ataona mzigo. Ukiomba siku moja kwa barua ya shule yenye muhuri, kwa mwanafunzi mmoja au wawili, wengi hukubali. Mwanafunzi aende na daftari na maswali ya kawaida: umeamka saa ngapi, ni sehemu gani ya kazi hii usiyoipenda, ni somo gani la sekondari unalolitumia mpaka leo, malipo yanakuja kwa mwezi au kwa kazi, na ulisoma wapi kwa miaka mingapi. Swali la sehemu isiyopendwa ndilo linalofundisha zaidi, kwa hiyo lisiachwe kwa aibu. Majibu ayaandike jioni ileile, na wiki inayofuata arudi kushukuru, maana mlango ulioshukuriwa hubaki wazi kwa mwenzake.

Baada ya hapo ndipo tunafungua miongozo ya udahili ya TCU, kwa vyuo vikuu, na NACTVET, kwa vyuo vya kati, tukiisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo. Tunaitafuta kozi kwanza, tunaangalia inadai masomo gani, kisha tunarudi kwenye tahasusi. Hapo wengi hugundua kwamba shahada ya udaktari inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na kwamba stashahada ya uuguzi au ya utabibu unaweza kuiendea moja kwa moja baada ya kidato cha nne, kwa miaka mitatu.

Jambo hili la vyuo vya kati ndilo linaloniletea mazungumzo magumu na wazazi. Mzee mmoja, mkulima wa kahawa wa Mbozi, alikuja ofisini akiwa amekasirika kwamba mwanawe ameandika chuo na kuacha kidato cha tano, akiona ni dalili ya kushindwa. Sikubishana naye. Nilimwomba mwanawe amsomee baba yake kurasa za daftari lake, siku aliyokaa na fundi sanifu wa maabara, na mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza ada ni kiasi gani. Siku hizi ninaongeza pia kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, jambo ambalo wazazi wengi vijijini bado hawajalisikia.

Kwa waliomaliza kidato cha nne, mtihani huisha Novemba na kidato cha tano huanza Julai, na serikali imekuwa ikifungua mfumo wa kubadili machaguo baada ya matokeo. Miezi hiyo inatosha kabisa kukaa na watu watatu wa kazi tofauti kabla ya uamuzi wa mwisho. Wanaoendelea na masomo wana likizo ya Juni, na barua zao ziandikwe Aprili, kwa sababu ikifika Mei mkuu wa shule ana shughuli nyingi na muhuri huchelewa.