Gari moja la zimamoto, askari kumi na wawili: kwa nini?

Ndugu, umesema kamati yenu inashangaa kituo chenye gari moja kudai askari kumi na wawili, ilhali garini mnawaona wanne tu. Hesabu ni hii: moto hauna saa za kazi. Kila kiti lazima kiwe na mtu usiku na mchana. Mfumo unaotumika sana ni wa zamu tatu, askari anakaa kituoni saa 24 kisha anapumzika 48. Viti vinne mara tatu ni kumi na wawili, na hapo hujagusa likizo, ugonjwa wala mafunzo.

Hao wanne nao si wengi. Mmoja ni dereva, naye habanduki kwenye pampu, maana akiondoka mpira ukakosa presha, walio ndani wamebaki mikono mitupu kwenye moshi. Mmoja ni kiongozi wa gari. Marekani, kanuni za usalama kazini zinataka wawili wakiingia kwenye jengo linalowaka, wawili wabaki nje tayari kuwaokoa. Punguza mmoja uone kama hesabu hiyo inatimia.

Juu yao kuna kamanda wa zamu anayesimamia vituo kadhaa, halafu mkuu wa kikosi. Ukaguzi wa majengo na chumba cha kupokea simu huwa na watu wao.

Kwenye kikao usiulize "tuna askari wangapi?" Uliza wangapi watakuwa garini saa tisa usiku, mmoja akiwa mgonjwa.