Jibu: Je, RNA ndogo ndizo zinazoigeuza seli shina kuwa seli ya mafuta?

Mwenye uzi ameuliza kama maikroRNA, yaani RNA fupi zinazopunguza utengenezaji wa protini fulani, ndizo zinazoiamuru seli shina kuwa seli ya mafuta, na kama kuzichezea kunaweza kuwa tiba ya unene. Kazi yangu maabara ni kukuza seli shina za uboho, zile ziwezazo kuwa mfupa, gegedu au mafuta, na kwa ninavyoziona, RNA hizi huelemeza tu mizani. Uamuzi wenyewe hutegemea zaidi protini iitwayo PPARγ, kwani ikipanda na kudumu, seli huanza kujijaza mafuta. MiR-27, mojawapo ya maikroRNA hizo, hujishikiza kwenye RNA mjumbe ya PPARγ (nakala ya jeni inayotumiwa kutengeneza protini hiyo), protini ikapungua na safari ya kuelekea mafuta ikakwama. MiR-204 huelemeza upande wa pili, kwa kuibana Runx2, protini ambayo ndiyo huivuta seli kuelekea mfupa.

Kwa wanaotaka kujaribu wenyewe, tahadhari kubwa iko kwenye kusoma matokeo. Tukishaweka deksamethasoni, insulini na IBMX, mchanganyiko wa kuzichochea seli ziwe za mafuta, matone ya mafuta huanza kung'aa chini ya hadubini hata kabla ya kutiwa rangi nyekundu inayoonyesha mafuta; lakini seli iliyojaa mafuta hujibandua kwa urahisi na kuelea, hivyo anayebadilisha maji ya lishe kwa pupa huzinyonya na kuzimwaga seli zilezile alizozingoja, kisha akaandika kwamba maikroRNA imezuia mafuta. Acheni kiasi cha maji chini ya chombo, wekeni sampuli ya ulinganisho yenye RNA isiyolenga jeni yoyote, na pimeni protini ya PPARγ yenyewe, maana wekundu peke yake haunishawishi.

Kuhusu tiba, mimi nina mashaka. MaikroRNA moja hugusa jeni nyingi, tena katika viungo vingi. Isitoshe, kuzuia seli mpya za mafuta hakuondoi chakula kilichozidi: mafuta yakikosa pa kuhifadhiwa huishia kwenye ini na misuli, kama inavyoonekana kwa watu waliozaliwa bila tishu za mafuta za kutosha, ambao wengi wao hupata kisukari ingawa ni wembamba. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, huiamsha PPARγ na kuongeza seli za mafuta, na sukari ya mgonjwa hushuka ilhali uzito wake mara nyingi hupanda.