Kaka kaja na wazee na mchele, nimsamehe?

Shikamoo Shangazi. Marehemu baba alituachia nyumba ya kupangisha Ngamiani, Tanga. Msimamizi wa mirathi ni kaka yangu. Tangu msiba uishe, kodi anakula peke yake, na nilipouliza alinitangaza kwa ndugu kuwa nina tamaa. Tukanuniana. Juzi kaja na wazee wawili na mfuko wa mchele: "Dada, kama nilikukosea, tusameheane." Binti yake anaolewa mwezi ujao, na shangazi mtu ni mimi. Mume wangu anasema nisamehe tu. Moyo unakataa.
Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Kwamba kaka yako kasukumwa na harusi, sina ubishi. Shangazi asipoonekana, upande wa bwana harusi wataanza kuulizana. Lakini wangapi huomba radhi bila shida iliyowaleta? Ukingoja ajaye na moyo mweupe, mtazikana hamjasemezana.

Mimi linalonikera ni hilo "tusameheane". Kwani wewe ulimkosea nini? Kosa limepakuliwa kama pilau, kila mtu na sahani yake, na kodi haikutajwa hata kidogo.

Kule Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1995 iliyounda Tume ya Ukweli na Maridhiano haikumdai majuto aliyeua kwa ajili ya siasa ili asamehewe asishtakiwe. Ilimdai aeleze yote aliyoyatenda. Familia ya Steve Biko, mpinga ubaguzi aliyefia mikononi mwa polisi, ilikuwa miongoni mwa walioipinga mpaka Mahakama ya Katiba, wakashindwa. Ila polisi walioomba msamaha huo wa Tume kwa kifo chake walinyimwa mwaka 1999. Maelezo yao hayakuaminika. Majuto utayapimia wapi? Maelezo yanapimika.

Basi kaka alete daftari: nani kapanga, kalipa ngapi, pesa zimekwenda wapi. Msimamizi anadaiwa hesabu hizo na mahakama, kwa hiyo humwombi hisani. Wazee walewale wawepo, na wasianze na "yaliyopita si ndwele". Wengi wanaoitanguliza methali hiyo wanawahi chakula.

Nawe jiulize, mwanangu. Unakataa kwa ajili ya kodi, au umenogewa kumwona amekwama? Maana hata kusamehe kuna kwa hila: mtu anasamehe ili amsimange mwenzake miaka yote. Binti hakula kodi yako. Kamfunde, kamchezee ngoma. Daftari lifunguliwe wiki baada ya harusi, na siku hiyo muipange sasa hivi, wazee wakisikia.