Fikasi inapopukutisha majani: iache mahali pamoja na upunguze maji

Mkuu mleta mada, usiutupe huo mti. Umeeleza kwamba ulipoununua ulikuwa umejaa majani, ukauweka sebuleni, na wiki chache baadaye ukaanza kupukutika. Ukauhamishia chumbani, kisha barazani, ukaurudisha ndani, na sasa unaumwagilia kila siku lakini majani bado yanaanguka. Unataka kujua kama umekufa na kama ukate matawi yaliyobaki wazi. Nimefuga fikasi ndani ya nyumba kwa miaka mingi, na kwa maelezo yako naona mti unateswa na mambo mawili: kuhamishwahamishwa na maji ya kupita kiasi.

Tuanze na kuhama. Fikasi ya majani madogo, ile Ficus benjamina inayouzwa sana, huunda jani kulingana na mwanga wa pale jani linapoota. Miti mingi hukuzwa kwenye mwanga mkali ili ijae haraka na ivutie mnunuzi, kwa hiyo majani uliyoyaona siku ya kwanza yalikuwa majani ya jua. Ndani ya nyumba, hata hatua mbili tu kutoka dirishani, mwanga ni sehemu ndogo sana ya ule wa nje, ingawa macho yetu huzoea upesi na kutudanganya kwamba panang'aa. Jani la jua likiwa kwenye kivuli hutumia chakula kingi kuliko kile linachotengeneza. Mti hulidondosha, kisha huchipusha jani jingine jembamba linaloweza kuishi na mwanga uliopo. Akiba ya kuchipusha jani hilo inatoka kwenye shina na mizizi. Ndiyo maana kila unapouhamisha unaulazimisha kuanza hesabu upya, na akiba inazidi kupungua.

Kwa hiyo chagua mahali pamoja. Pawe karibu kabisa na dirisha lenye mwanga mwingi, ambapo mchana ukiinua mkono unaona kivuli chake kikiwa na kingo zinazotambulika. Jua la asubuhi halina shida. Jua kali la mchana linalopenya kioo moja kwa moja lizuie kwa pazia jepesi, kwa sababu mti uliokwisha kuzoea ndani huungua. Epuka upepo wa kiyoyozi, mlango unaofunguliwa kila mara, na hita. Joto linalowafaa watu ndani ya nyumba linaufaa na mti huu. Likishuka chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi utauona unanung'unika. Ukishauweka, usiuguse tena. Najua ni vigumu kukaa tu ukiangalia majani yakianguka, lakini kupukutika kunaweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya wewe kufanya kila kitu sawasawa.

Suala la maji ndilo linaloua fikasi nyingi kuliko wadudu wote. Maji hupandishwa juu kwa sababu majani yanayapumua hewani. Mti uliopoteza nusu ya majani yake hunywa kidogo sana, na wewe unaupa kila siku. Udongo ukilowa muda wote, nafasi za hewa hujaa maji, mizizi hukosa pumzi na kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kufyonza, basi majani yanalegea na kuanguka, na mwenye mti akiona hivyo anadhani una kiu, anaongeza tena. Hapo ndipo wengi wanapoupoteza mti ambao ungepona.

Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ondoka. Ukiwa mkavu, mwagilia polepole hadi maji yatokee chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Na tafadhali angalia kama chungu kina matundu. Mara nyingi mti unakuwa kwenye kopo la plastiki lililotumbukizwa ndani ya chungu cha mapambo kisicho na tundu, na chini kumetuama maji ambayo hakuna anayeyaona. Nusa udongo pia. Ukitoa harufu ya uvundo, toa mti, kata mizizi myeusi iliyolainika, urudishe kwenye udongo mwepesi unaopitisha maji. Kama harufu ni nzuri, usibadilishe chungu sasa hivi, na mbolea iache kabisa hadi uone majani mapya. Mti usiokua hauitumii, chumvi zake zinabaki kwenye udongo na kuchoma mizizi.

Majani yenyewe yanatoa dalili. Kwa uzoefu wangu, yakianguka yangali mabichi, chanzo huwa ni mabadiliko ya mahali au ubaridi. Yakigeuka manjano kwanza huku udongo ukiwa umelowa, ni maji. Yakikauka na kujikunja, mti umekaa na kiu.

Wadudu nao wakague. Ukishika majani yakanata, au sakafu chini ya mti ikawa na utelezi wa sukarisukari, tafuta wadudu gamba: vijiuvimbe vya kahawia vilivyoganda kwenye vijiti na kwenye mshipa wa jani. Kuna wengine weupe kama pamba wanaojificha pale jani linapoungana na tawi. Wafute kwa pamba yenye spiriti, osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo, rudia kila wiki hadi waishe. Ila usishtushwe na vidoa vidogo vyeupe vilivyopangika sawasawa ndani ya jani. Baadhi ya fikasi huwa navyo kimaumbile, ni chembe za chokaa, na ukikwaruza havitoki.

Kama shina la mti wako limesukwa, kagua kwa karibu. Hiyo kwa kawaida ni miche kadhaa iliyosokotwa pamoja, na mmoja unaweza kufa wakati mingine iko hai. Waya au kamba iliyobaki ifungue, kwa sababu shina linaponenepa hukatwa nayo.

Sasa matawi. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha, ukianzia ncha kushuka chini. Ukikuta rangi ya kijani na ubichi, tawi li hai hata kama halina jani hata moja. Yaliyo ya kahawia na kukatika kwa urahisi ondoa leo. Yaliyo hai yaache hadi machipukizi yatokeze, ndipo uyapogoe juu kidogo ya kifundo, nayo yatatawanya vijiti vipya chini ya hapo ulipokata. Vaa glovu, maana utomvu mweupe unawasha ngozi, unatia doa sakafuni, na ni hatari zaidi kwa mwenye mzio wa mpira. Vijiti ulivyokata vikusanye mara moja kama nyumbani kuna mtoto mdogo, paka au mbwa. Wakitafuna, utomvu huo unachoma mdomo na kuvuruga tumbo.