Nusu eka, sahani na hori: jibu kwa dada wa Butere

Dada wa Butere, umesema una nusu eka, ng'ombe mmoja mwenye mimba, nguruwe wawili, kuku na watoto watatu, na gunia la chakula cha dukani linameza pesa yote ya maziwa. Unauliza kama kuna mizizi na mboga ambazo nyinyi mtakula na mifugo wakala. Zipo. Sisi tuko upande wa Mumias, magharibi mwa Kenya, shamba letu halizidi lako kwa mengi, na tangu tung'oe miwa sehemu moja tumeishi kwa mpango huo. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Nianze na jambo linaloniuma hadi leo, kwa sababu naona wengi waliokujibu hapo juu wanakwambia kizuri wale watoto, kibovu apewe ng'ombe. Mwaka 2015 nilifanya hivyohivyo. Tulivuna viazi vitamu vingi mwezi wa nane, mvua ikarudi mapema, lundo tuliloweka kwenye kibanda likalowa. Baada ya majuma mawili nilichambua. Vizuri nikapeleka sokoni, na vile vilivyoanza kuwa na madoa meusi na ukungu nikaviona ni bahati ya mtamba wetu. Alikula debe zima jioni, na kesho yake nikampa tena. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amenyoosha shingo mbele, mdomo wazi, povu linamtoka, anavuta pumzi kwa tumbo kama aliyekimbizwa. Hakuwa na homa. Tulidhani ni nimonia. Daktari wa mifugo alipofika aliuliza swali moja tu: amekula nini? Nikamwonyesha mabaki. Akatueleza kwamba kiazi kitamu kikiingia ukungu hutengeneza sumu ndani yake, na sumu hiyo humharibu ng'ombe mapafu. Dawa ya kuiondoa hakuna. Mtamba alikufa usiku huo, akiwa amebakiza miezi miwili azae.

Kwa hiyo kabla hujashika jembe, ng'ombe wako asipewe kiazi kitamu chenye ukungu, wala kilichotobolewa na mdudu fukusi kikawa cheusi na kichungu. Mimi sikati sehemu mbovu nikampa iliyobaki. Kinaenda shimoni na kufukiwa. Mifugo hupata vile vidogo, vilivyokatwa na jembe siku hiyohiyo ya kuvuna, na marando, yaani mashina na majani yake. Hivyo ni chakula kizima ambacho soko tu ndilo halikitaki.

Sasa shamba. Kama ningekuwa na nusu eka yako, robo nzima ningeipa viazi vitamu, mabwoni yetu haya. Hakuna mmea mwingine huku kwetu unaotoa kitu juu na chini kwa wakati mmoja namna hiyo. Piga matuta yaachane mita 1, panda rando kila sentimita 30, na robo eka itataka marando kama 3,300. Kata vipande vya sentimita 30 kutoka kwenye ncha, usichukue shina la chini lililozeeka, kwa sababu huko ndiko fukusi hutaga mayai. Fukia theluthi mbili. Chagua mimea isiyo na majani yaliyojikunja au yenye rangi ya njano, maana ugonjwa wa virusi unasafiri na rando, na ukiupanda utavuna mizizi kama vidole. Kwa watoto tafuta viazi vya rangi ya chungwa, Kabode au Vita, vina vitamini A. Changanya na mbegu yako ya kienyeji nyeupe, ambayo ni kavu ikichemshwa na wazee wanaipenda kwa chai.

Usipande siku moja. Hilo nilijifunza kwa mama mkwe, ambaye alikuwa na vipande vitatu, na kila kimoja alikipanda mwezi baada ya mwenzake. Nilidhani ni kwa ajili ya kuvuna kidogokidogo, kumbe alikuwa anawaza mbuzi wake: kila wakati kuna kipande chenye marando ya kukata.

Hapo kwenye kukata ndipo wengi hupoteza. Ukikata mapema na mara kwa mara, mmea hauna majani ya kulisha mizizi. Nilijaribu kwenye tuta moja, nikaanza kukata wiki ya sita na kurudia kila wiki mbili. Marando nilipata mengi, lakini kwenye kuvuna lile tuta lilinipa mizizi isiyojaza hata kopo moja la gorogoro, na tuta la jirani yake likanipa karibu debe. Siku hizi nasubiri miezi miwili na nusu hivi, nakata nusu ya urefu, naacha mengine. Mkato mkubwa nafanya siku ya kuvuna. Kama shida yako kubwa ni maziwa, tenga matuta matatu ya marando tu, uyakate upendavyo, wala usiyadai viazi.

Marando yana protini nzuri, ndiyo maana maziwa hupanda ukianza kuyatoa. Lakini ni maji mengi. Ng'ombe wangu nampa kama kilo 15 kwa siku, yaliyokatwa asubuhi na kuachwa yanyauke hadi jioni, juu ya nyasi za nepia na majani makavu ya mahindi. Nilipojaribu kumpa marando matupu, kinyesi kililegea kama uji na maziwa yakashuka. Kwa marando hayo nimepunguza chakula cha gunia karibu nusu. Sijakiacha kabisa, na chumvi ya madini haijawahi kukosekana. Ng'ombe wako akizaa, mwongezee polepole, kila siku kidogo, tumbo lizoee.

Ukivuna robo nzima marando yatakushinda. Usiyaache yaozee shambani, tengeneza sileji, yaani malisho yaliyochachushwa bila hewa ili yakae. Yanyaushe siku nzima, ukatekate vipande vifupi kwa panga au mashine. Mimi huchanganya debe 7 za marando, debe 3 za nepia iliyonyauka na debe 1 ya viazi vidogo vizima visivyo na doa, vilivyokatwakatwa. Wanga wa viazi ndio unaosaidia kuchachusha. Shindilia kwenye mfuko mrefu wa plastiki nzito, ukanyagie kwa miguu hadi hewa iishe, funga kabisa, weka kivulini mbali na panya. Baada ya mwezi fungua. Iwe na harufu ya uchachu mtamu na rangi ya kijani iliyokolea kidogo kuelekea kahawia. Penye utando mweupe au harufu ya uozo, toa na utupe, kwa sababu ile niliyokusimulia juu. Mwezi wa kwanza na wa pili, nepia inaposinyaa, mfuko mmoja wa sileji unaokoa nyumba.

Nguruwe wako wapikie. Kiazi kitamu kibichi kina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni, na nguruwe huhisi hilo kuliko ng'ombe. Chemsha, ponda, changanya na pumba. Halafu kumbuka kwamba viazi ni wanga tu, na nguruwe anayekula viazi vitupu hufanya mafuta bila kukua mwili. Sisi huongeza vumbi la omena (dagaa), lile linalobaki chini ya magunia sokoni, na marando mabichi machache. Machicha ya pombe ya busaa ukiyapata kwa jirani pia yanafaa.

Muhogo nautia mpakani, mistari miwili, kama akiba. Unakaa ardhini hadi uuhitaji, na ukame haujali. Miaka ya tisini ugonjwa wa batobato uliimaliza mihogo yetu magharibi, kwa hiyo tafuta vipando vya aina zinazostahimili na ukague majani kabla ya kubeba. Lakini muhogo una sumu yake, sianidi, na maganda yana nyingi kuliko nyama ya ndani. Mbuzi wa jirani walivunja ua wakala majani mabichi ya muhogo mchungu, wawili walianguka kabla jua halijatua. Majani yakatekate, uyaanike siku mbili au tatu, ndipo uwape kidogokidogo. Mizizi menya, kata vipande vyembamba, kausha hadi vivunjike kwa mkono. Kwa nguruwe chemsha bila kifuniko na umwage maji. Kisamvu cha mezani nacho kitwangwe na kuchemshwa sana, huo si mchicha wa kugeuza mara moja sufuriani.

Kuhusu karoti na viazi mbatata, yule aliyekwambia upande kwa ajili ya ng'ombe nadhani yuko nyanda za juu, Molo au Mau Narok. Kule vinastawi. Niliishi Molo miaka sita kabla ya kuolewa, nikifanya kazi ya kuvuna, na nimeona ng'ombe wakilishwa karoti zilizovunjika na kabichi za nje hadi wanang'aa. Huku Mumias joto ni jingi na mnyauko wa bakteria hausamehe viazi mbatata. Usipoteze ardhi yako. Ila ukinunua mabaki sokoni, kata vipande vyembamba kabla ya kuweka horini. Niliwahi kumwona ng'ombe aliyesakamwa na kiazi kidogo cha mviringo, tumbo la kushoto likavimba kama ngoma kwa dakika chache, na ilikuwa bahati kwamba mtu aliyejua kukisukuma alikuwapo. Viazi vilivyogeuka kijani au kuchipua usimpe mnyama wala mtoto. Vina sumu, na kuchemsha hakuiondoi.

Mboga zikae karibu na jikoni, mahali unapopita kila asubuhi: sukuma wiki, kunde, mrenda, saga, managu, maboga. Kunde nazipenda hasa kwa sababu watoto wanakula majani, sisi tunakula mbegu, na mashina yaliyobaki ni ya mbuzi. Maboga vilevile: majani yake, seveve, ni mboga, boga ni chakula cha mtoto, na ganda na utumbo wake ni vya nguruwe. Sukuma wiki majani ya chini yaliyozeeka apewe kuku, viini vya mayai vinarudi kuwa vya njano iliyokolea. Ng'ombe naye anaweza kula, lakini kidogo, na baada ya kukamuliwa, la sivyo maziwa yananuka kabichi na mteja wako atakurudishia chupa. Sukuma na kabichi zikizidi kila siku huharibu damu ya ng'ombe. Na kama umepulizia dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa zinamhusu mnyama sawa na mtu, maana maziwa hayo mnayanywa nyinyi.

Nepia usiitoe. Ipange kwenye kingo za matuta na mpakani ndani ya ile mistari ya muhogo. Ukiona shina linatoa majani mafupi, ya njano, yaliyodumaa, huo ni ugonjwa ambao umeenea sana huku kwetu na unapelekwa na kadudu kadogo kanakorukaruka. Ng'oa kisiki chote siku hiyohiyo, na usikubali vipando kutoka kwa mtu ambaye hujaliona shamba lake. Ukiwa na mahindi kidogo, panda desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari, kama wanavyofundisha watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wa Mbita. Inapunguza gugu la kayongo linalonyonya mahindi, na ng'ombe anapata majani yenye protini.

Samadi yote irudi kwenye matuta, lakini ikae kwanza miezi mitatu ikiwa imefunikwa, hasa ya nguruwe, na isiguse mboga ya majani ikiwa mbichi. Viazi vitamu vyenyewe havitaki samadi nyingi, ikizidi unapata marando hadi magotini na mizizi michache. Iweke zaidi kwenye nepia na mboga. Palilia mara mbili, na kila unapoona ufa kwenye tuta uzibe kwa udongo, fukusi anaingilia hapo. Baada ya kuvuna usirudishe viazi kwenye kipande hichohicho msimu unaofuata, weka kunde au maharagwe. Fuko ndiye adui ambaye bado ananishinda. Natega, napata mmoja, anakuja mwingine.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho kinachoua mbegu. Tenga kitalu kidogo nyuma ya bafu, maji ya kuogea yaelekee hapo, na marando yako yatabaki hai hadi mvua ya mwezi wa tatu. Kama mwaka huu hukuweka, mimi ninayo ya Kabode na ya kienyeji nyeupe, nakualika uchukue mafungu mawili bila malipo. Njoo na gunia la katani ulilolowesha, usiyafungie kwenye plastiki yatapata joto. Ukifika nyumbani yasimamishe kivulini siku mbili, chini pawe na unyevu, majani mengine uyapunguze. Utaona vimizizi vyeupe vinatokeza kwenye vifundo, hapo panda jioni, udongo ukiwa umelowa.