Ziba Mwanya Kabla Wimbo Haujatoka

Wasanii wengi wanaoanza hudhani wizi wa kazi mtandaoni ni shida ya wenye majina makubwa. Mwenye jina ana matamasha na mikataba ya matangazo ya kumzibia pengo. Wewe unategemea idadi ya wanaokusikiliza, basi. Tangu 2024, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12. Tuseme wimbo wako ungesikilizwa mara 1,200, kisha 300 kati ya hizo zikaenda kwenye tovuti ya kupakua bure. Umebaki na 900. Hukupoteza robo ya malipo, umepoteza yote.

Faili la wizi pia huzunguka bila majina. Mtunzi, prodyuza na mpiga gitaa hufutika, na anayetafuta mtu wa kumpa kazi hana pa kuwaona.

Mwanya wa kwanza ni wa ndani. Faili la masta la WAV, yaani rekodi kamili ya ubora wa juu, lifike peke yake kwa msambazaji, kampuni inayokupelekea wimbo kwenye majukwaa. Watangazaji na marafiki wa kazi wapewe MP3 ya kbps 128, ya ubora wa chini, inatosha kusikilizia. Kila mmoja apewe nakala yake yenye alama ya sauti sehemu tofauti: huyu sekunde ya 40, yule sekunde ya 55, nawe uandike orodha. Wimbo ukivuja, utajua umetokea kwa nani. Alama usiiweke mwanzoni wala mwishoni, maana huko mtu huikata ndani ya dakika moja. Iweke juu ya sauti ya mwimbaji, katikati ya ubeti. Kubadilisha jina la faili tu hakusaidii, kwani jina ndilo la kwanza kubadilishwa.

Pili, ushahidi. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, bila kusajiliwa. Ila kuwa na haki ni jambo moja, kuithibitisha ni jingine. Tunza faili la mradi wa studio lenye kila sauti iliyorekodiwa kando yake, rasimu za mashairi zenye tarehe, na karatasi ya mgawanyo, inayosema kila mshiriki ana asilimia ngapi, iliyosainiwa kabla ya kutoa wimbo, asilimia zikijumlishwa zifike 100. Kumbuka pia kwamba wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Rekodi hutambuliwa kwa ISRC, msimbo wenye jumla ya herufi na tarakimu 12, na rimiksi hupewa ISRC yake.

Hapa wapya wengi huteleza. Ukinunua biti isiyo ya peke yako, usiiingize kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe sauti yako ikitumika kwenye video za wengine. Biti hiyohiyo imo kwenye nyimbo za watu wengine, na mfumo utadai video zao kana kwamba ni zako. Watapinga, nao watakuwa na haki. Madai ya uongo yakirudiwa unaweza kufungiwa huduma hiyo, ukakosa ulinzi siku utakapouhitaji kweli.

Ukikuta nakala ya wizi, piga picha ya skrini kwanza, anwani ya ukurasa na tarehe vionekane. Kisha andika notisi ya kuondoa. Sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inataka utaje kazi yako, uoneshe mahali ilipo nakala, utoe mawasiliano yako, useme unaamini kwa nia njema kwamba matumizi hayo hayana ruhusa, useme taarifa zako ni sahihi na, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, kwamba wewe ndiye mwenye haki au wakala wake, kisha usaini. Notisi nyingi hukwama kwa sababu mtu ametuma anwani ya tovuti nzima au ya matokeo ya utafutaji. Tuma kiungo cha kila ukurasa, hata vikiwa 40. Tumia barua pepe ya kazi, kwa sababu jina na mawasiliano yako yanaweza kufikishwa kwa aliyepakia. Naye ana haki ya kupinga. Akipinga, nakala hurudishwa kati ya siku za kazi 10 na 14 usipofungua kesi.

Tovuti isipojibu, waandikie wanaoihifadhi kwenye seva zao, na uombe injini za utafutaji ziondoe viungo hivyo. Anza na vile vinavyotokea ukurasa wa kwanza mtu akiandika jina lako na la wimbo. Kilichojificha ukurasa wa tisa hakikuli sana.

Usiuachie wizi nafasi ya bure. Msikilizaji akiusikia wimbo redioni Ijumaa na kuukosa kwa njia halali hadi Jumatano, atautafuta kwingine. Mpe msambazaji faili wiki 3 hadi 4 mapema, ili siku ya kutoka uwepo kwenye majukwaa yote saa ileile. Baada ya hapo, tafuta jina la wimbo wako mwenyewe saa ya kwanza, siku ya pili, na tena baada ya wiki.